Nyumba ya matofali ya kufungamana kijijini: kuanzia shimo la udongo hadi bati

Tofali la kufungamana ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha ukaachwa ukomae kwa unyevu badala ya kuchomwa kwa kuni. Lina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, kwa hiyo tofali moja huingia ndani ya jingine na ukuta hupanda karibu bila mota (mchanganyo wa saruji na mchanga wa kuunganishia). Asili ya mashine hizi ni CINVA-Ram, iliyobuniwa Colombia miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez. Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kule Mwenge, Dar es Salaam, ndio uliozieneza sana, na Kenya na Uganda zipo za aina hiyo hiyo.

Kwa kijijini zina faida tatu. Udongo unachimbwa pale pale. Msitu hauingii kwenye tanuru. Na kwa kuwa matofali yote yanalingana, ukuta hauhitaji plasta nene ya kuficha mabonde. Lakini ziko nyumba nyingi za aina hii zilizoanza kumomonyoka baada ya masika mawili, na watu wakasema tofali la udongo halifai. Ukizikagua, utakuta sababu ni moja kati ya mbili: udongo haukupimwa, au maji hayakuzuiwa. Saruji hainusuru udongo mbaya, na tofali zuri halinusuru ukuta unaolowa kila siku. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye udongo na maji.

Hesabu ya nyumba ya mfano

Tuchukue nyumba ya sebule na vyumba viwili, mita 8.10 kwa mita 6, yenye jumla ya mita 12 za kuta za ndani. Tofali ni sentimita 30 urefu, 15 upana na 10 kimo. Kwa nini 8.10 na si 8 kamili? Kwa sababu kipimo chochote cha ukuta lazima kigawanyike kwa 15, yaani nusu tofali. Mita 8 haigawanyiki, na fundi atalazimika kukata kipande kwenye kila kozi (mstari mmoja wa matofali) kwa panga au msumeno. Milango vivyo hivyo: uwazi wa sentimita 90. Madirisha 90 au 120.

Ukuta una kozi 21 hadi juu ya milango na madirisha (mita 2.10), halafu mkanda wa zege wa sentimita 20, halafu kozi 3 za juu. Jumla mita 2.60. Ukiondoa mkanda, milango mitano na madirisha sita, unabaki na mita za mraba 78 hivi. Kila mita ya mraba hula matofali 33, kwa hiyo ni 2,574. Ongeza ya kuvunjika na ya majaribio: fyatua 2,800. Paa liwe la migongo minne. Ukitaka la migongo miwili, piga hesabu ya pembetatu mbili za juu peke yake.

Mfuko wa kilo 50 hutoa matofali 60 hadi 70 kulingana na udongo, hivyo andaa mifuko 40 hadi 47 ya kufyatulia tu. Ya msingi, mkanda na sakafu ni hesabu nyingine. Udongo unaohitajika ni kama shimo la mita 4 kwa 5 lenye kina cha mita 1, ukishaondoa tabaka la juu. Shimo liwe mita 10 au zaidi kutoka nyumba, na upande wa chini wa mteremko. Watu huchimba karibu na msingi ili kufupisha safari ya toroli, kisha shimo linageuka bwawa linalolowesha msingi mwaka mzima.

Kuupima udongo

Ondoa kwanza tabaka la juu lenye mizizi na rangi ya giza, sentimita 30 hadi 50. Mabaki ya mimea huoza ndani ya tofali na huizuia saruji kushika. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa kubwa kiangazi na kunata kama gundi masika, usiutumie kabisa, wala usijenge juu yake bila ushauri wa mhandisi. Udongo mwekundu wenye kichanga na changarawe ndogo ndio bora. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi. Peke yake haufai, lakini ni mzuri sana kuongezea kwenye udongo wenye mchanga mwingi.

Chota sampuli sehemu tatu za shimo, kwa kina tofauti, kisha fanya vipimo vitatu. Vyote havigharimu kitu.

Cha kwanza ni chupa. Chukua chupa ya plastiki iliyonyooka, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache saa moja, tikisa tena. Mchanga hukaa chini ndani ya dakika moja. Vumbi laini hufuata baada ya kama nusu saa. Mfinyanzi huchukua siku nzima kutulia. Kesho yake pima matabaka kwa rula. Unatafuta mchanga na changarawe ndogo asilimia 60 hadi 75, mfinyanzi 10 hadi 25, na vumbi laini kinachobaki.

Cha pili ni mkate wa udongo. Lowesha udongo uliochekechwa uwe kama unga wa chapati, uviringe uwe mrefu wenye unene wa sentimita 3, kisha usukume polepole kwenye ukingo wa meza mpaka ukatike wenyewe. Kipande kikiwa kifupi kuliko sentimita 5, mchanga umezidi. Kikiwa kati ya 5 na 15, udongo unafaa. Kikizidi 15, mfinyanzi umezidi.

Cha tatu ndicho kinachoamua kiasi cha saruji, na ndicho wengi wanachokiruka. Tengeneza sanduku la mbao lenye nafasi ya ndani ya urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Lipake mafuta ndani. Changanya udongo na maji uwe kama uji mzito unaokaribia ugali, ujaze, gongagonga sanduku ili hewa itoke, sawazisha juu. Liache juani siku tatu au kivulini wiki nzima. Udongo utanywea na kuacha nafasi. Usukume wote upande mmoja, hata kama umekatika vipande, kisha pima nafasi iliyobaki:

- Chini ya milimita 15: saruji 1 kwa udongo 16.
- Milimita 15 hadi 30: 1 kwa 14.
- Milimita 30 hadi 45: 1 kwa 12.
- Milimita 45 hadi 60: 1 kwa 10.
- Zaidi ya 60: usifyatue. Ongeza mchanga, upime upya.

Uwiano huu ni wa ujazo, si wa uzito. Kwa kozi sita za chini na kwa ukuta unaopigwa na mvua, tumia 1 kwa 12 hata kama sanduku limekuruhusu 1 kwa 16. Tofauti ni mifuko michache, na hizo ndizo kozi zinazoliwa kwanza.

Kufyatua

Chekecha udongo kwa wavu wa matundu ya milimita 5 au 6. Udongo uwe mkavu, vinginevyo madonge ya mfinyanzi hupita yakiwa yamefunikwa na vumbi, kisha yanakuwa matobo kwenye uso wa tofali mvua ikija.

Kisha changanya kidogo kidogo. Mfuko mzima ni lita 35 hivi. Kwa uwiano wa 1 kwa 14, nusu mfuko huchanganywa na ndoo 12 za lita 20 zilizosawazishwa mdomoni kwa ubao. Kiasi hicho hutoa matofali kama 32, kazi ya nusu saa mpaka dakika 40 kwa mashine moja. Usichanganye zaidi ya hapo. Saruji huanza kushika mara inapoguswa na unyevu, na mchanganyo uliokaa saa mbili ukiukoroga tena kwa maji umeshapoteza nguvu, ingawa kwa macho unaonekana sawa. Hili ndilo kosa la kila siku: vibarua wanachanganya mfuko mzima asubuhi, wanaendelea nao mpaka mchana, na matofali ya saa sita yanakatika kwa mkono.

Changanya pakavu mpaka rangi iwe moja, bila michirizi ya kijivu. Ndipo unyunyize maji kwa keni yenye matundu, huku mwingine anageuza kwa koleo. Ukimimina kwa ndoo utapata madonge.

Kipimo cha maji ni mkono. Kamata mchanganyo, ufinye uwe donge, liachie kutoka kimo cha mita moja lianguke kwenye ardhi ngumu. Likigawanyika vipande vinne hadi sita, maji yametosha. Likisambaratika kuwa unga, ongeza. Likibaki zima au likitandazika, umezidisha: tofali litanata kwenye mashine na kunywea likikauka. Rudia jaribio hili kwa kila mchanganyo, kwa sababu jua la saa nane si la saa mbili.

Kwenye mashine, siri ni ujazo uleule kila mara. Tafuta kopo au ndoo ndogo inayojaza kisanduku sawasawa, ikwangue kwa ubao, ugandamize pembe nne kwa vidole kabla ya kufunga kifuniko. Pembe zisipojazwa ndizo zinazovunjika wakati wa kubeba. Mpini ukishuka kirahisi, udongo ulikuwa mdogo. Usipofika chini, ulikuwa mwingi. Tengeneza kipimo cha ubao chenye pengo la sentimita 10 kamili na ukipitishe kwenye tofali la kwanza la kila mchanganyo. Kosa la milimita moja kwa tofali, kwa kozi 21, ni sentimita mbili mkandani: upande mmoja juu, mwingine chini.

Fyatua na nusu tofali siku hizo hizo, kwa kuweka kizuizi ndani ya mashine. Kwa nyumba hii andaa nusu 250 hivi kwa ajili ya kingo za milango na madirisha. Tofali zima linalokatwa kwa panga hupasuka ulimi. Watu watano au sita wenye mashine moja hufyatua 300 hadi 400 kwa siku. Weka akiba ya lita 400 za maji kila siku, pamoja na ya kumwagilia.

Kukomaza

Saruji haikauki, inakomaa, na inahitaji maji ili ikomae. Tofali lililoanikwa juani siku ya kwanza linaonekana gumu jioni, kisha kingo zake zinasagika kwa kucha baada ya mwezi.

Panga matofali mapya kivulini, juu ya nailoni au ardhi iliyosawazishwa vizuri, moja moja bila kubebana. Ardhi ikiwa na kilima, tofali bichi hupinda na halinyooki tena. Yafunike kwa nailoni au majani mabichi ya mgomba siku hiyo hiyo. Kesho yake unaweza kuyabebanisha, yasizidi matano kwenda juu. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kukosa, na 14 ukiweza, huku yamefunikwa. Baada ya hapo yaache kivulini. Ujenzi uanze siku ya 28 tangu kufyatuliwa. Ukibanwa sana, 21.

Kabla ya kujenga, chagua matofali matano kutoka siku tofauti za kufyatua, yazamishe kwenye pipa la maji siku nzima. Yatoe, kwangua uso kwa msumari. Mkwaruzo mwembamba si neno. Msumari ukizama au pembe ikilainika, matofali ya siku ile yaende kwenye ukuta wa ndani, au yarudi kuwa udongo.

Msingi

Kupima pembe: nyumba ya 8.10 kwa 6 ina mshazari wa mita 10.08. Vuta kamba ya mishazari yote miwili, na zikitofautiana hata sentimita 1, rekebisha vigingi. Kwa matofali yenye mota, fundi angeficha kosa hilo kwenye maungio. Hapa hakuna pa kuficha.

Chimba mtaro wa upana wa sentimita 50 hadi udongo mgumu, kina kisipungue sentimita 60. Mwaga zege la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) la unene wa sentimita 15, kisha jenga kwa mawe na mota mpaka msingi uwe juu ya ardhi sentimita 30 kwa uchache. Sehemu za mvua nyingi, kama Rungwe au Bukoba, fanya 45. Tone la mvua likianguka ardhini hurusha matope mpaka usawa wa goti, na goti hilo liwe la mawe, lisiwe la tofali la udongo. Juu ya msingi tandaza nailoni nzito au lami, upana wote wa ukuta, ukibebanisha viungo sentimita 15. Pasipo nailoni, unyevu hupanda, chumvi zinajitokeza kama unga mweupe, na uso wa tofali unabanduka magamba.

Kupandisha ukuta

Panga kozi ya kwanza yote bila mota ukiizungusha nyumba nzima pamoja na nafasi za milango. Ikikubali, inua, weka mota ya 1:4 (saruji kwa mchanga) yenye unene wa sentimita 1 hadi 2, ilaze upya kwa kamba na pima maji. Tumia siku nzima kwa kozi hii. Ikipinda, zote 20 za juu zitapinda nayo.

Kozi zinazofuata hupangwa kavu, kila tofali likikalia maungio ya mawili ya chini. Futa mchanga kwenye ulimi kwa brashi kabla ya kubebanisha, maana punje moja ya changarawe hunyanyua kozi. Gonga kwa nyundo ya mpira au ya mbao. Kila kozi tatu, timazi kwenye pembe na pima maji juu. Palipozama, lainisha kwa uji wa saruji na udongo uliochekechwa laini. Usibetue kwa vipande vya nailoni au kokoto, maana uzito wote utasimama pale na tofali litapasuka.

Kozi ya 9, chini ya madirisha, ipewe mota. Kama matofali yako yana matundu ya wima, simamisha nondo ya milimita 10 kwenye kila pembe na kando ya kila mlango tangu msingini, kisha jaza tundu kwa zege laini. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilikuta nyumba nyingi za udongo na tofali ambazo pembe zake hazikuunganishwa na chochote. Sehemu zote za Bonde la Ufa, usijenge bila nondo hizi.

Mkanda uzunguke kuta zote bila kukatika, za ndani na za nje: zege 1:2:4, nondo nne za milimita 10, ringi (vyuma vya kuzifunga nondo pamoja) za milimita 6 kila sentimita 20. Ni zege la mita za ujazo 1.2, mifuko 8 hivi, na nondo 16 za mita 12. Nondo zisiishie kwenye pembe. Zikunje, ziingie ukuta wa pili sentimita 50. Ukikata hapo, mkanda ni vipande vinne tu vya zege. Kabla ya kumwaga, funga nondo mbili za milimita 6 kila mahali kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) itakapokalia, ziache zimesimama sentimita 60. Zitapita kati ya kozi 3 za juu, ambazo zote ziwe na mota, na kuifunga kenchi. Upepo haulisukumi paa chini, hulinyanyua, na paa lililopigiliwa kwenye kozi kavu huondoka na kozi zake.

Paa, nje na mchwa

Bati geji 28, mwinamo usiopungua nyuzi 15, na ukingo utokeze sentimita 60, upande wa mvua 80 au 90. Hapa ndipo watu hubana matumizi, na huko ni kulivua nguo tofali la udongo. Paa la nyumba hii lina eneo la karibu mita za mraba 70 ukitazama kutoka juu, kwa hiyo mvua ya milimita 20 ni lita 1,400. Hata ukipoteza sehemu, gata na tangi vinakupa zaidi ya lita 1,000 kwa mvua moja, na ukuta unabaki mkavu.

Ziba nafasi kati ya ukuta na bati, maana ndiyo njia kuu ya mbu wa malaria. Hewa ipitie matundu yenye wavu juu ya mkanda, pande mbili zinazotazamana.

Nje usipige plasta ukuta mzima. Jaza maungio kwa mchanganyo wa saruji 1 kwa udongo laini 6, uloweshe ukuta kwanza, na plasta iwe ya msingi tu. Plasta ngumu ya saruji ikipata ufa, maji huingia nyuma yake na hayapati pa kutokea.

Mchwa hawali tofali hili, ila hupita kwenye maungio kwenda kwenye mbao. Tumia mbao zilizotiwa dawa, na usiegemeze ukutani kuni wala lundo la udongo, kwa sababu hapo ndipo wanapoanza njia bila kuonekana.

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, zunguka nyumba ukitazama mstari ambao matone yanaangukia. Chimba hapo mfereji wa kina cha sentimita 20 wenye mwinamo kuelekea mbali na nyumba, uujaze kokoto. Palipo na matope juu ya msingi, kokoto hazijatosha. Ongeza.